Sahani isiyo na nyama: Msafiri Muislamu mezani Mara

Kila shule zinapofungwa, familia nyingi za Kiislamu hufunga safari kwenda kuwaona ndugu, kuhudhuria harusi au kuwaonyesha watoto nchi yao. Wanaoelekea Mkoa wa Mara kutoka Mwanza hupita Lamadi na kuingia Bunda, na wakifika Makutano barabara hugawanyika: upande wa magharibi ni Musoma na ziwa lake, upande wa mashariki ni Butiama na vilima vyake. Mizigo hupangwa kwa siku kadhaa na nauli hulipwa mapema, lakini swali la chakula huachwa mpaka basi lisimame na watoto waanze kulia njaa. Hapo ndipo baba na mama hutazamana na kuulizana: nyama hii imechinjwa na nani?

Jibu linalosikika mara nyingi ni fupi: “Tule mboga tu.” Ni jibu la busara, na watu wazima wengi wamelitumia miaka mingi bila kulipa jina. Lakini siku hizi kwenye meza hiyo hiyo huketi pia kijana, pengine binti aliyerudi chuoni Dar es Salaam au shangazi aliyetoka Ulaya kwa likizo, ambaye hali nyama hata ikiwa imechinjwa na baba yake kwa Bismillahi. Samaki hali, mayai hali, maziwa hanywi. Wote wawili, mzee na kijana, wanaagiza sahani moja ya ugali na maharage, lakini kila mmoja ana nia yake. Makala haya yanakusudia kuonesha kwamba sahani ya mimea humwondolea msafiri shaka ya nyama, lakini haimwondolei wajibu wa kuuliza, wala haimpi haki ya kumdharau aliyemkaribisha.

Neno geni, chakula cha zamani

Watu wasiokula wala kutumia chochote kitokacho kwa mnyama huitwa vegani. Jina hilo lilibuniwa Uingereza mwaka 1944, pale Donald Watson na wenzake walipoanzisha chama cha watu waliojitenga na nyama, samaki, mayai na maziwa pia. Katika miji mikubwa ya Ulaya na Marekani kuna migahawa inayopika chakula cha namna hiyo pekee, na Waislamu wengi wanaoishi huko huikimbilia kwa kuwa haina nyama ya kutilia shaka.

Kwetu, kilicho karibu zaidi na migahawa hiyo kilitoka Bara Hindi. Mitaa ya Kisutu jijini Dar es Salaam, penye mahekalu ya Wahindu, ina migahawa isiyopika nyama wala samaki. Jirani yake upo Mtaa wa Zanaki, wenye jina la kabila la watu wa Butiama. Hata hivyo, mlo wa Kihindi usio na nyama si mlo wa vegani, kwa kuwa maziwa, mtindi na samli vimo ndani ya vyakula vyake vingi. Tofauti hiyo ni ndogo kwa mzee anayekimbia nyama yenye shaka, lakini ni kubwa kwa kijana aliyeacha maziwa.

Msafiri anayetafuta Bunda, Musoma au Butiama kibao chenye neno vegani atatafuta bure, na hana haja ya kukitafuta. Chakula chenyewe kipo kwa mama lishe, kimefunikwa ndani ya masufuria: ugali wa dona, wa muhogo, wa mtama au wa ulezi, maharage, kunde na choroko, mchicha, matembele, kisamvu, mlenda na bamia, viazi vitamu na ndizi. Bibi zetu walikula hivi siku nyingi za wiki, na nyama ilikuwa ya mgeni, ya Idi au ya mazishi.

Sahani ya mboga nayo ina maswali yake

Kosa la wasafiri wengi ni kudhani kwamba neno “mboga” linamaliza kila kitu. Maharage ni halali kwa asili yake, lakini safari yake ya kutoka gunia mpaka sahani ina vituo vingi. Huenda yameungwa kwa mafuta yaliyokwisha kukaangia kitu kingine. Huenda mpishi, kwa nia njema ya kuyaongezea ladha, ameyatia upawa wa mchuzi wa nyama. Mwiko mmoja huenda unaingia katika masufuria matatu. Na chipsi, ambazo watoto huzipenda kuliko vyote, huenda zimetoka katika karai lile lile linalokaangiwa kitimoto pale ambapo mgahawa na baa vinatumia jiko moja.

Jambo hili halikuanza leo. Sahaba Abu Tha’laba Al-Khushani (r.a.) alimueleza Mtume Muhammad (s.a.w.) kwamba wao wanaishi katika nchi ya Watu wa Kitabu, akamuuliza kama inafaa kula katika vyombo vyao. Mafundisho aliyopewa, kama yalivyopokewa na Bukhari na Muslim, ni kwamba wakipata vyombo vingine watumie hivyo, na wasipopata, wavioshe kisha wale ndani yake. Katika mapokezi ya Abu Daud limetajwa wazi kwamba watu hao walikuwa wakipika nguruwe na kunywa pombe katika vyombo vyao. Ndugu msomaji, tazama upana na uangalifu uliomo katika jibu hilo. Sahaba hakuambiwa ahame nchi, wala hakuambiwa apuuze. Katika madhehebu ya Imam Shafii, ambayo wengi wetu Afrika Mashariki tunayafuata, chombo kilichopatwa na nguruwe huoshwa mara saba, mojawapo kwa udongo. Kwa hiyo kukwepa karai la baa hakumfanyi mtu kuwa na msimamo mkali, kwani anafuata fiqhi yake.

Njia ya kuuliza ni adabu. Mama lishe ni mtu anayetafuta riziki yake ya halali tangu alfajiri, na hastahili kuhojiwa kama mshitakiwa mbele ya wateja wake. Anza kwa salamu ya mahali pale: “Shikamoo mama, poleni na kazi.” Akishaitikia marahaba, uliza kwa upole: “Maharage haya yameungwa kwa mafuta gani? Hayajatiwa mchuzi wa nyama? Sisi ni Waislamu, tunaomba utusaidie.” Aghalabu atakujibu kwa ukweli, na mara nyingi atakuelekeza kwa jirani yake ambaye ni Muislamu au ambaye jikoni kwake hakuingii kitimoto. Mpishi aliyeulizwa kwa heshima huwa mlinzi wa chakula chako, lakini ukimuuliza kwa dharau atakujibu lolote ili uondoke.

Musoma: samaki, Wasabato na ziwa

Anayefika Musoma hukuta neema nyingine. Mji umezungukwa na Ziwa Victoria, na katika mwalo wa Mwigobero hushuka sato, sangara na dagaa. Kwa Muislamu anayehofia uchinjaji, samaki ni faraja iliyo wazi. Qur’ani imehalalisha mawindo ya majini katika Suratul Maida, aya ya 96, na Mtume (s.a.w.) alipoulizwa juu ya maji ya bahari alifundisha kwamba maji yake ni twahara na mfu wake ni halali. Samaki hahitaji kuchinjwa. Linalobaki ni kujua amekaangwa katika mafuta gani. Kijana wa kivegani hatomla, na hilo ni chaguo lake, lakini wazazi wasisahau kwamba wao hawakuacha samaki. Walichokimbia ni shaka, na kwa samaki shaka hiyo haipo.

Mkoa wa Mara una jambo lingine ambalo wageni wengi hawalijui. Kanisa la Waadventista Wasabato lilifika upande huu wa ziwa tangu zama za utawala wa Wajerumani, na misheni zake zilijengwa Majita na Ikizu. Mafundisho ya kanisa hilo yanakataza nyama ya nguruwe na pombe, na yanawahimiza waumini wake kula zaidi vyakula vya mimea. Matokeo yake ni kwamba mgahawa wa Msabato mara nyingi huwa hauna bia wala kitimoto, na huenda ukawa mahali pepesi kwa Muislamu kupata sahani safi ya mboga, ila Jumamosi utaukuta umefungwa. Hatusemi haya ili kulinganisha dini. Tunayasema kwa sababu ujirani ni elimu, na anayeijua imani ya jirani yake hujua pia aulize nini mlangoni kwake.

Nyama, uchinjaji na amani

Pamoja na hayo, hatuwezi kuzungumzia sahani ya mboga Kanda ya Ziwa bila kugusa kidonda. Mapema mwaka 2013 mgogoro wa nani achinje nyama ya kuuzwa kwa watu wote ulipamba moto katika kanda hii, na Februari mwaka huo damu ilimwagika Buseresere, mkoani Geita, ambako mchungaji mmoja aliuawa. Familia zilizokuwa zikialikana harusini na misibani zilianza kuulizana maswali ambayo hazikuwahi kuulizana.

Msingi wa Muislamu katika jambo hili unajulikana. Suratul An’am, aya ya 121, inakataza kula kisichotajiwa jina la Allah. Suratul Maida, aya ya 5, inahalalisha chakula cha waliopewa Kitabu, na wanazuoni wametofautiana juu ya nani anaingia katika hukumu hiyo. Vitabu vya fiqhi ya Kishafii vimeweka masharti mazito, yakiwemo ya lini mababu wa mtu waliingia katika dini hiyo, na ndiyo sababu masheikh wengi wa Afrika Mashariki hawaruhusu nyama iliyochinjwa na asiyekuwa Muislamu. Wapo wanazuoni wa madhehebu mengine wanaoruhusu. Ipo pia hadithi ya Bibi Aisha (r.a.) katika Bukhari, ya watu waliomuuliza Mtume (s.a.w.) juu ya nyama waliyoletewa na watu wageni katika Uislamu, wasijue kama ilitajiwa jina la Allah. Waliamrishwa wao wenyewe walitaje jina la Allah, kisha wale. Hadithi hiyo inahusu nyama ya Waislamu, na inatufunza kutowachimba ndugu zetu kwa dhana.

Hapa ndipo sahani ya mimea inapoonesha thamani yake. Mtu anayechagua maharage badala ya nyama asiyoijua amejihifadhi bila kumtuhumu yeyote. Hakumuita mchinjaji muongo, hakumfukuza mwenye bucha, hakuanzisha ubishi mbele ya watoto. Mtume (s.a.w.) ametufundisha, katika hadithi ya Nuuman bin Bashir (r.a.), kwamba halali iko wazi na haramu iko wazi, na kati yake yapo yenye kutatiza, na anayeyaepuka hayo huwa ameihifadhi dini yake na heshima yake. Sahani ya mboga ni njia mojawapo ya kuhifadhi vyote viwili.

Je, Muislamu anaweza kuacha nyama kabisa?

Swali hili vijana wanaliuliza, na wazazi wengi hulijibu kwa hasira. Linastahili jibu la elimu. Kula nyama si nguzo ya dini. Mtume (s.a.w.) aliletewa nyama ya kenge wa jangwani, akaiacha kwa kuwa nafsi yake haikuizoea, lakini hakumkataza Khalid bin Walid (r.a.) aliyeila mbele yake. Imepokewa pia kwamba hakuwahi kukiaibisha chakula: alipokipenda alikula, alipokuwa hakitaki alikiacha. Imam Malik amepokea katika Muwatta kwamba Sayyidna Umar (r.a.) aliwatahadharisha watu na nyama, akisema kuwa ina uraibu kama wa pombe. Na Bibi Aisha (r.a.) alisimulia jinsi ilivyopita miezi bila moto kuwashwa katika nyumba za Mtume (s.a.w.), chakula chao kikiwa tende na maji.

Kwa hiyo kijana anayeiacha nyama kwa sababu ya afya, kwa kutoipenda, au kwa kuchukizwa na jinsi wanyama wanavyoteswa katika mashamba makubwa ya viwandani, hajatoka katika dini. Huruma kwa wanyama ni mafundisho ya Mtume (s.a.w.), aliyeamrisha kisu kinolewe na mnyama apumzishwe. Mpaka unavukwa pale kuacha kunapogeuka kuwa itikadi. Suratul Maida, aya ya 87, inawakataza waumini kuviharamisha vizuri ambavyo Allah amewahalalishia. Anayesema “sili nyama” amezungumzia tumbo lake. Anayesema “kuchinja ni dhulma” amegusa udh’hiya, akika na Sunna ya Nabii Ibrahim (a.s.). Vivyo hivyo maziwa na asali: Suratun Nahl inayataja maziwa kuwa kinywaji safi na inaitaja asali kuwa ina ponyo kwa watu. Muislamu anaweza asivitumie, lakini hawezi kuvihesabu kuwa uovu. Mzazi amfafanulie mwanawe mpaka huo kwa utulivu, badala ya kugombania vipande vya nyama mezani.

Butiama: mgeni na kitoweo

Mtihani mgumu zaidi hauko mgahawani, uko nyumbani kwa mwenyeji. Wageni wengi hufika Butiama kuzuru makumbusho na kaburi la Mwalimu Julius Nyerere, aliyezikwa kijijini kwake Oktoba 1999. Wengine huwa na ndugu, wakwe au marafiki katika vijiji vya jirani. Mara ni nchi ya wafugaji na wakulima. Kuku hukimbizwa uani mgeni anapobisha hodi, na kibuyu au jagi la maziwa ya mgando huletwa kabla ya maneno mengi. Kukataa mbele ya watu kunaweza kueleweka kuwa ni kuukataa udugu wenyewe.

Nyerere mwenyewe alitafsiri tamthilia ya Shakespeare kwa jina la Mabepari wa Venisi, iliyochapishwa mwaka 1969. Ndani yake yumo mfanyabiashara wa dini nyingine anayekubali kuuza na kununua na Wakristo wa mji wake, lakini hakubali kula nao. Msomaji huona jinsi meza iliyogawanyika ilivyokuwa dalili ya mioyo iliyogawanyika. Sisi tunayo mipaka ya chakula na hatuioni haya, lakini tunao pia wajibu wa kuhakikisha mipaka hiyo haisomwi na jirani kama chuki.

Njia ni kutanguliza taarifa. Piga simu siku moja kabla: “Mama, tunakuja na furaha. Tafadhali usihangaike na nyama, sisi tutafurahi kwa ugali wa mtama, mlenda na maharage ya kwako.” Mwenyeji atakayeambiwa mapema hataumia, na hataingia gharama ya kuku ambaye hataliwa. Ikiwa mwenyeji si Muislamu na anataka kuchinja kwa heshima yako, hakuna ubaya kumuomba baba wa familia yako achinje mwenyewe kwa Bismillahi, na wenyeji wengi huliridhia jambo hilo. Nawe usifike mikono mitupu, chukua sukari, mchele au matunda. Kisha kula kwa hamu kilicho mbele yako na usifie mapishi, kwani mgeni anayechokonoa chakula humwaibisha aliyempikia.

Mboga za hiari na mboga za dhiki

Mwisho, familia izingatie afya. Mkoa wa Mara unatupa somo zito. Mwaka 1985, wakati wa ukame, watu wa wilaya ya Tarime walipatwa na ugonjwa wa kupooza miguu unaoitwa konzo. Chanzo chake kilikuwa muhogo mchungu uliotayarishwa kwa haraka bila kuondolewa sumu vya kutosha, ukaliwa na watu waliokosa protini. Muhogo ni mmea, na haukuwa na shaka yoyote ya kidini, lakini uliwalemaza watoto na akina mama. Qur’ani imetuamrisha kula kilicho halali na kizuri. Maneno hayo mawili yamekuja pamoja kwa hekima.

Hivyo sahani ya mimea iwe kamili. Ugali uende na maharage, kunde au njugu mawe, maana nafaka na jamii ya kunde hukamilishana protini. Mboga za majani ziliwe pamoja na nyanya, ndimu au chungwa ili mwili ufyonze madini ya chuma, na chai ya rangi isubiri kwanza, kwani huzuia ufyonzaji huo. Uji wa ulezi huwapa watoto kalisi nyingi. Lakini asiyekula kabisa nyama, samaki, mayai wala maziwa ajue kwamba vitamini B12 haipatikani katika mimea, na lazima aipate kwa vidonge au vyakula vilivyoongezwa virutubisho. Mjamzito, anayenyonyesha na mtoto mdogo wasiingizwe katika mlo huo bila ushauri wa mtaalamu wa afya. Jirani zetu wengi hula mboga tupu kwa sababu hawana uwezo wa kununua dagaa. Anayejinyima kwa hiari na awakumbuke wanaonyimwa na dhiki, na thamani ya nyama aliyoiacha aifanye sadaka.

Msafiri wa Kiislamu anayekwenda Bunda, Musoma au Butiama basi hatalala njaa. Amesheheni mboga, kunde, nafaka na samaki kabla hata hajagusa nyama. Anachohitaji kubeba kutoka nyumbani ni elimu ya kuuliza, ulimi wa upole na nia iliyo safi. Tunamuomba Allah (s.w.) aturuzuku kilicho halali na kizuri, azifanye safari zetu kuwa sababu ya kuunga udugu, na azijaalie meza zetu baraka. Amin.